Ukitaka Kusoma Siasa, Panda Kwanza Kilima cha Kasubi

Wafalme wanne wa Buganda wamezikwa Kasubi, na wawili kati yao walifia ng'ambo. Mwanga wa Pili alikata roho mwaka 1903 katika visiwa vya Shelisheli, ambako Waingereza walimpeleka baada ya kumkamata akipigana nao. Mwili wake ulirudishwa mwaka 1910. Mjukuu wake, Edward Muteesa wa Pili, aliyekuwa Kabaka na pia rais wa kwanza wa Uganda, alifia London mwaka 1969 akiwa uhamishoni. Aliyemrudisha mwaka 1971 azikwe kwa heshima zote ni Idi Amin, yule yule aliyeongoza wanajeshi kuvamia kasri lake la Mengo Mei 1966. Kijana akiniambia anataka kusoma siasa na uhusiano wa kimataifa chuo kikuu, humpa swali hilo kwanza: kwa nini mtu amfukuze mfalme akiwa hai, kisha ajitwike kazi ya kumrudisha akiwa maiti? Akikaa nalo wiki nzima, akasoma, akarudi na majibu mawili matatu yanayopingana na kila moja lina ushahidi wake, namwambia aende akajaze fomu.

Kasubi iko Kampala, kwenye barabara ya Hoima, na ukipitia Nakulabye unafika Chuo Kikuu cha Makerere kwa miguu. Wanafunzi wamepanga vyumba huku kwetu, wa Mbarara na Gulu, na wengine kutoka Bukoba, Kisumu, Goma na Bujumbura. Wengi hufika na jina la cheo wanachokitamani: balozi, mbunge, afisa wa Umoja wa Mataifa. Wachache hufika na jambo linalowasumbua. Katika kufundisha kwangu, hao wachache ndio niliowaona wakimaliza masomo wakiwa na kitu mkononi. Basi ushauri wangu mkubwa ni huo: tafuta jambo kabla ya kutafuta cheo, ulishike, ulijue kuliko wenzako wote darasani.

Muteesa wa Kwanza, wa kwanza kuzikwa Kasubi, angefaa kuwa mhadhara wa kwanza wa somo lenyewe. Mwaka 1875 alikuwa amebanwa pande mbili. Kaskazini, Misri ya Khedive Ismail ilikuwa ikisogea polepole kuelekea kusini kufuata mto Nile, na afisa Mwingereza Gordon ndiye aliyeiongozea kazi hiyo. Kusini, njia ya kwenda pwani ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Zanzibar walioleta bunduki, nguo na Uislamu. Mvumbuzi Stanley alipofika ikuluni Aprili mwaka huo, Kabaka aliona mlango wa tatu. Barua ya kuomba wamishonari ilichapishwa katika gazeti la Daily Telegraph la London Novemba. Waanglikana wakafika mwaka 1877, na mapadri Wafaransa wa White Fathers wakafuata mwaka 1879. Muteesa aliwaweka wote barazani pake, akawasikiliza, akawaacha wabishane mbele yake, wala hakumpa hata mmoja ufunguo wa nchi. Katika shughuli hizo Kiswahili kilikuwa na kazi kubwa. Kijana Dallington Maftaa, aliyesomea shule ya misheni Zanzibar, ndiye Stanley aliyemwacha ikuluni awe msomaji na mwandishi wa Kabaka kwa wageni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukaririshwa maana ya mizani ya nguvu kwa mifano ya Ulaya ya mwaka 1815, na mifano hiyo ni mizuri. Ila anayelala Kasubi anao mfano mwingine hatua chache kutoka chumbani kwake, na akiandika kuuhusu mwalimu ataona mara moja kwamba huyu hakunakili.

Kwa hiyo panda kilima, lipa kiingilio, vua viatu kama desturi inavyotaka, kisha usiwe na haraka. Tazama nyumba kubwa, Muzibu Azaala Mpanga, iliyojengwa mwaka 1882 ikiwa kasri na kugeuzwa kaburi miaka miwili baadaye. Muulize anayekuzungusha nani anaruhusiwa kuezeka paa lile. Atakuambia ni watu wa ukoo wa Ngeye, na kwamba zile pete za ndani ya paa zinasimamia koo za Buganda. Muulize nani hutengeneza pazia la magome linaloficha makaburi, nani hulala pale usiku, nani huamua siku ya kazi. Hapo utaanza kuona kwamba madaraka si bunge na ikulu peke yake. Halafu ongeza tabaka la pili. Makaburi haya yaliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba kubwa iliteketea, na hasira zilizofuata kati ya watu wa Buganda na serikali kuu ziligharimu maisha ya watu. Mwaka huo huo UNESCO iliyaandika katika orodha ya urithi ulio hatarini, na yakaondolewa humo Septemba 2023 kamati yake ilipokutana Riyadh. Ufalme una kauli, serikali kuu ina kauli, kamati ya kimataifa ina kauli, na mlinzi wa ukoo naye ana kauli ambayo hakuna mwingine anayeweza kuitoa. Nani mwenye neno la mwisho juu ya nyasi za paa? Hiyo ni tasnifu nzima ya shahada ya kwanza, na haihitaji nauli.

Kijana mmoja wa Bukoba alinijia na vyeti vyake ndani ya bahasha ya plastiki.

"Shikamoo mwalimu. Nataka kuwa balozi."

"Marahaba. Kwenu mnafanya kazi gani?"

Akasema mama yake ananunua maharage vijijini na kuyavusha kuja kuuza Uganda. Anapita wapi? Akasita, kisha akasema njia za panya. Nikamuuliza kama anajua kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Umoja wa Forodha tangu mwaka 2005, kwamba mazao yaliyolimwa ndani ya jumuiya, yasiyozidi thamani ya dola 2,000, yanapita kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa bila ushuru wa forodha, na kwamba Mutukula kuna kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa na marais wawili mwaka 2017. Hakujua, na mama yake hakujua. "Sasa," nikamwambia, "kwa nini mama apite porini wakati lango liko wazi?" Hakujibu siku ile. Aliporudi alikuja na daftari: foleni, lugha ya fomu, gharama ya kulala mpakani, mazoea ya wenzake, na hofu ya mtu aliyevaa sare. Alikuwa ameshaanza kusoma uhusiano wa kimataifa kabla hajalipa ada ya muhula wa kwanza.

Sasa habari ya kozi. Usichague kwa jina. Katika vyuo vyetu vingi shahada ya kwanza ya siasa imo ndani ya sayansi ya jamii, pamoja na uchumi, sosholojia au utawala wa umma, na uhusiano wa kimataifa unakuja kwa uzito wake katika shahada ya uzamili. Vyuo vingine vinatoa shahada ya kwanza yenye jina la diplomasia. Jina hilo linapendeza kwenye kadi ya mwaliko wa mahafali, lakini mwajiri anasoma karatasi ya matokeo. Omba orodha ya masomo ya miaka yote mitatu, uone kama yamo mbinu za utafiti, takwimu, misingi ya uchumi, sheria ya kimataifa na walau lugha moja. Chuo kisichokuwa na takwimu wala mbinu za utafiti, mimi singempeleka mwanangu. Hakikisha pia kwamba kozi yenyewe ina ithibati ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Chuo kusajiliwa hakutoshi. Anayetoka nje ya Uganda ajue vyeti vyake vitapaswa kulinganishwa na vya hapa, na aanze mapema, kwa sababu muhula haumsubiri mtu. Na mzazi akikwambia siasa itakupeleka jela, usimjibu kwa ukali. Ameona mengi katika nchi hizi. Mwonyeshe orodha ya masomo, mweleze ni kazi ya kusoma, kuhesabu na kuandika, mwombe akupe muda.

Kinachowashinda wengi ni kusoma. Wanasoma vitini, wanasoma muhtasari wa mwenzao wa mwaka jana, na siku hizi wanaiuliza programu ya akili bandia iwaandikie, nayo inawapa marejeo ya vitabu visivyokuwepo duniani. Nenda kwenye waraka wenyewe. Nitatoa mfano mmoja, kwa sababu ni wetu. Ukikaa jioni karibu na stendi ya bodaboda hapa Kasubi, ukizungumzia Congo, utasikia kauli mbili. Huyu anasema Uganda ilikwenda kuiba dhahabu. Yule anasema tuliwafuata waasi, basi. Sasa fungua hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya tarehe 19 Desemba 2005, kesi ya Congo dhidi ya Uganda. Inapatikana bure kwenye tovuti ya mahakama, kwa Kiingereza na Kifaransa. Utakuta mahakama imesema Uganda ilivunja katazo la kutumia nguvu na ilikuwa dola iliyoikalia Ituri kijeshi. Imesema pia kwamba haikupata ushahidi wa sera ya serikali ya kupora mali asili, lakini dola inawajibika kwa uporaji uliofanywa na askari wake na kwa kushindwa kuuzuia. Na ndani ya hukumu hiyo hiyo Congo nayo imekutwa na hatia kwa yaliyofanywa kwa ubalozi wa Uganda mjini Kinshasa. Kauli zote mbili za stendi zimebaki nusu nusu.

Endelea mbele. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama iliamua fidia iwe dola milioni 325, zilipwe kwa mafungu matano ya kila mwaka, ilhali Congo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Jiulize pengo hilo limetoka wapi. Jibu limo katika kurasa zinazohusu ushahidi. Miezi michache tu kabla ya hukumu hiyo, mwishoni mwa Novemba 2021, majeshi ya Uganda yalikuwa yameingia tena mashariki ya Congo, safari hii kwa ridhaa ya Kinshasa, kuwapiga waasi wa ADF. Na mwaka huo wa 2022 Congo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikawa mwenzake Uganda katika meza moja. Askari wa nchi ile ile, ardhi ile ile, lakini kisheria ni mambo mawili tofauti, na tofauti imebebwa na ridhaa. Mwanafunzi aliyesoma hukumu hiyo kwa penseli mkononi, hata ikimchukua mwezi mzima, atakuwa amejifunza mamlaka ya dola, matumizi ya nguvu, uwajibikaji na uzito wa ushahidi, na hatavisahau siku ya mtihani. Ana rafiki kutoka Bunia au Goma katika hosteli hiyo hiyo? Amuulize kwao walikumbwa na nini miaka ile, akae kimya, asikilize.

Usiogope hesabu. Wengi hukimbilia siasa wakidhani wameagana na namba shuleni, na hapo ndipo wanapokuja kukwama katika kuomba kazi. Shirika la utafiti la Afrobarometer limekuwa likiwahoji raia wa Uganda tangu mwaka 2000, na takwimu zake unaweza kuzipakua bila kulipa. Pakua, fungua, tafuta swali moja linalohusu jambo lako, mathalani watu wanaiamini mahakama kiasi gani, linganisha miaka, chora jedwali. Mwaka wa pili jifunze programu ya takwimu iliyo ya bure. Kijana anayejua siasa na anayeweza pia kusafisha takwimu hakosi mtu wa kumpigia simu.

Lugha nazo zina mahali pake. Kiingereza utafanyia mitihani, hakuna ujanja. Kwa Kiluganda utaongea na wafanyabiashara wa soko la Kasubi, na wao hawatakufungulia moyo kwa lugha ya ofisini. Kiswahili kimepata nafasi mpya: Umoja wa Afrika ulikifanya lugha ya kazi Februari 2022, na Julai mwaka huo baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Anayekijua Kiswahili cha kuandika, chenye istilahi za mikataba na ripoti, ana mtaji ambao wenzake wengi wa Kampala hawanao, maana wanaokizungumza ni wengi kuliko wanaoweza kukiandikia ukurasa mmoja safi. Ongeza Kifaransa. Bujumbura, Kinshasa na Bukavu ni majirani zetu, na ripoti zao nyingi hazitafsiriwi.

Halafu andika, tena nje ya darasa. Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, alifundisha sayansi ya siasa Makerere kuanzia mwaka 1963 kwa muda wa miaka kumi, na katika miaka hiyo hakujifungia ndani ya majarida ya wasomi. Mwaka 1966 aliandika katika jarida la Transition, lililoanzishwa hapa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy, makala ya kumchambua Nkrumah ambayo ilibishaniwa bara zima. Wewe anza na ukurasa mmoja kwa wiki. Jifanye unamwandikia waziri mwenye dakika tano: jambo ni hili, tunajua haya, hiari zetu ni tatu, napendekeza hii kwa sababu hii. Mwandikie mwenzako akukosoe, nawe umkosoe. Kuandika kwa ufupi ni kugumu kuliko insha ya kurasa 15, na huko kazini ndiko kutakakokulisha.

Siasa za chuo zitakuita. Sisemi uzikimbie, kuomba kura kunafundisha kusikiliza watu, na kushindwa kunafundisha zaidi. Lakini jua unaingia wapi. Julai 2022 mwanafunzi aliuawa katika vurugu za kampeni za gildi, yaani serikali ya wanafunzi, pale Makerere, na uongozi wa chuo ukasimamisha uchaguzi. Vyama vikubwa vya nchi vina mikono katika chaguzi hizi. Fedha ikija bila jina la mtoaji, ikatae. Ukiombwa kubeba vijana kwenda kuzuia mkutano wa mwenzako, kataa mbele ya mashahidi, urudi chumbani.

Kuhusu ajira nitasema wazi. Nafasi za maafisa wa mambo ya nje ni chache, hutangazwa na Tume ya Utumishi wa Umma, na waombaji ni wengi mno. Sekretarieti ya Jumuiya kule Arusha inagawa nafasi zake kwa kuzingatia mgao wa kila nchi mwanachama. Kwa hiyo panga kufika huko kwa mlango wa pembeni: utafiti, uandishi wa habari, kazi za bunge, mashirika ya wakimbizi, serikali za mitaa, biashara ya kuvuka mipaka. Benjamin Mkapa alimaliza Makerere mwaka 1962 akiwa amesoma Kiingereza, akawa mhariri wa magazeti kabla ya kuwa balozi, waziri wa mambo ya nje na hatimaye rais wa Tanzania. Likizo ya kwanza usikae bure. Omba kujitolea katika ofisi ya kata, kwa wakili, kwenye redio au kwenye kituo kinachopokea wakimbizi, hata kama utapewa kazi ya kupanga mafaili. Ndani ya mafaili ndimo utakamoona serikali inavyofanya kazi kweli.

Ukifika wakati wa utafiti wa mwisho, fuata njia. Chukua barua ya utambulisho kutoka idarani, ipeleke kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa eneo unalotaka kuhoji, ujieleze, usaini kitabu chake. Asipokujua, mlango wa kwanza utakaobisha hautafunguliwa. Waambie unaowahoji kwamba wana haki ya kukataa na kwamba majina yao hutayaandika, kisha timiza. Usiahidi msaada ambao huna. Unapomaliza rasimu, kabla hujaipeleka kwa msimamizi, rudi kwa watu wale wale, wasomee kwa lugha yao ulichoandika juu yao, na palipo na kosa urekebishe pale pale mbele yao.